Tenki la mafuta haliwi la maji kwa kusuguliwa

Mgao wa maji ukikaza mjini Tanga, kuna wazo huibuka vijiweni na halikosi wafuasi. Yale matenki ya chuma yaliyosimama bila kazi kwenye viwanja vya viwanda vilivyofungwa, kwa nini yasijazwe maji? Chuma kipo, msingi upo, na ukubwa wake unauona hata ukiwa ndani ya daladala. Kinachokosekana, wanasema, ni vijana wa kusugua na rangi ya kupaka.

Wazo hili lina asili yake. Pwani hii tumekulia kwenye vyombo vya mafuta. Debe lililokuwa kipimo cha mahindi sokoni na chombo cha kuchotea maji kisimani lilikuja kwanza na mafuta ya taa. Pipa la lita 200 likishamaliza oili huhamia saiti ya ujenzi, au hukaa chini ya mchirizi wa bati kukinga mvua ya masika. Dumu la njano la lita 20 hutoka kiwandani na mafuta ya kula, likaenda kumalizia maisha yake kwenye foleni ya bomba. Mtu aliyezoea hayo akilitazama tenki lenye kimo cha mita 12, haoni tofauti ila ya ukubwa. Na mji wenyewe umejaa masalia. Tanga ilikuwa na kiwanda cha mbolea, viwanda vya sabuni na vya chuma, mashamba ya mkonge yenye mitambo na majenereta yake, na vingi kati ya hivyo vilizimika au kubadili mikono kuanzia miaka ya 1980.

Msimamo wangu niuweke mapema. Tenki la mafuta linaweza kuhifadhi maji, na Tanga ingefaidika nalo. Lakini maji hayo yasiwe ya kunywa, isipokuwa kwa matenki machache mno ambayo historia yake imeandikwa tangu siku ya kwanza. Ugumu hauko kwenye kusugua. Uko kwenye kujua tenki lilibeba nini, kwa miaka ipi, na kitu gani kimebaki mahali ambapo brashi haifiki.

Tuwape kwanza haki yao wenye wazo. Wana hoja moja nzuri ambayo hata wenyewe hawaitumii sana: tenki lolote la mafuta lililojengwa kwa kanuni lilianza maisha yake kwa kubeba maji. Kanuni namba 650 ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo ndiyo hufuatwa sehemu nyingi duniani, inataka tenki jipya lijazwe maji kabla ya kuonja mafuta, ili ionekane kama linavuja na kama msingi unatitia. Kwa hiyo anayesema chombo hiki hakikujengwa kwa ajili ya maji anakosea nusu.

Hoja ya pili ni ukubwa. Chukua tenki la kawaida la depo, kipenyo mita 20, kimo mita 12. Linaingiza mita za ujazo 3,770, yaani lita milioni 3.77. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Tanga na watu takriban 393,000. Ukimpa kila mmoja lita 50 kwa siku, tenki hilo moja linawatosha watu 75,000 kwa siku nzima. Hata siku moja ya namna hiyo si haba pale bomba kuu linapopasuka, au Mto Zigi unapoteremka kutoka Usambara Mashariki ukiwa mwekundu kwa tope na mtambo wa kusafishia maji ukalazimika kupunguza kasi.

Tena jambo lenyewe limeshafanyika kwengine. Aprili 2016 mji wa Latur, jimbo la Maharashtra nchini India, ulikaukiwa hadi maji yakapelekwa kwa treni kutoka Miraj, zaidi ya kilomita 300. Treni ya kwanza ilivuta mabehewa 10 yenye lita 500,000 hivi kwa jumla, baadaye yakafika 50. Mabehewa hayo ya tenki yalipitishwa kwanza karakana ya reli ya Kota kusafishwa kwa mvuke. Watu walikunywa, mji ukavuka kiangazi. Ila Latur ilikuwa na vitu viwili ambavyo tenki la kiwanda kilichokufa halina. Shirika la reli lilijua kila behewa limebeba nini, kwa sababu biashara ya behewa ni makaratasi. Na maji yalikaa ndani kwa saa, hayakukaa kwa wiki.

Sasa tuingie ndani ya tenki lenyewe.

Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, na inajulikana kwamba husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu kwa tenki letu la lita milioni 3.77: ukomo unafikiwa na gramu 38 za benzini, kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa cha kijiweni. Kama petroli ina benzini asilimia 1, basi lita 5 za petroli zinatosha kulipeleka tenki zima ukingoni. Lita 5 hizo usizitafute kwenye dimbwi. Sakafu ya tenki hilo ina mita za mraba 314. Ukizisambaza lita 5 juu yake unapata utando mwembamba kuliko unywele. Jicho halioni, na mkono ulioshika kitambaa hauhisi.

Wenye kutetea wazo husema chuma hakinyonyi kama plastiki, na hapo wana ukweli. Bamba jipya la chuma halinyonyi mafuta. Lakini hatuzungumzii bamba jipya. Sakafu ya tenki la mafuta ndiyo sehemu inayoliwa kwanza, kwa sababu maji kidogo yanayokuja na mafuta huzama na kukaa pale chini miaka nenda rudi, huku upande wa pili udongo wa pwani wenye chumvi ukila kutoka chini. Matokeo yake ni vijishimo kama makovu ya ndui, kila kimoja kimejaa kutu iliyolowa mafuta. Halafu kuna mishono. Mabamba ya sakafu kwa kawaida hulazwa moja juu ya ukingo wa jingine na kuchomelewa upande wa juu tu. Kati ya mabamba mawili kuna nafasi ambayo fundi hawezi kuifikia bila kung'oa sakafu. Mafuta yaliyopenya humo kupitia tundu dogo miaka 20 iliyopita bado yamo, na joto la mchana likipanda yanatoka polepole.

Risasi ni shauri jingine. Petroli ya zamani ilichanganywa na madini ya risasi ili injini isigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza, mwaka 2021. Maana yake tenki lolote la petroli lililokuwa kazini kabla ya 2006 lichukuliwe kuwa lilibeba risasi, mpaka mwenyewe alete karatasi inayothibitisha vinginevyo. Risasi hiyo haikuondoka yote na petroli. Sehemu yake iko kwenye tope la chini na ndani ya magamba ya kutu. Ukomo wake kwenye maji ya kunywa ni uleule, maikrogramu 10 kwa lita, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa inashambulia ubongo unaokua.

Mama yeyote aliyewahi kupikia maji ya pipa la dizeli anajua namna yanavyodanganya: yakiwa ya baridi hayanuki sana, yakishika moto chai nzima inanuka karakana. Pua ni kipimo kizuri kwa dizeli, tena mara nyingi hukataa kabla kiwango hakijafika pa kudhuru. Kwa risasi pua haina kazi. Na mtu akikuambia "tumenusa, tumeonja, safi kabisa", hajakuambia chochote kuhusu kile kinachopaswa kupimwa maabara.

Habari ya kusafisha yenyewe inastahili kutazamwa karibu, maana ndipo watu wanapofia. Mwangalie fundi mzoefu wa kuchomelea pale Ngamiani anapotaka kukata pipa la zamani litoke jiko au birika la kuku. Hashiki gesi mara moja. Anafungua vizibo vyote viwili, analilaza, analiacha limwage hadi tone la mwisho. Kisha analisimamisha na kulijaza maji mpaka karibu na mstari anaotaka kukata, ili mvuke wa mafuta usipate pa kukaa. Kijana wake mpya anaona mzee anapoteza muda. Mzee anajua kuwa pipa lenye petroli tele ndani linaweza kuwaka, lakini pipa tupu lenye mvuke ndilo linaloruka juu ya paa.

Ujanja huo kwenye pipa unawezekana. Kwenye tenki la lita milioni 3.77 ni vigumu, maana kulijaza maji ili ulikate ni kutafuta maji ambayo huna, na baadaye unabaki na bahari ya maji machafu. Kwa hiyo inabidi hewa isukumwe ndani kwa feni kwa siku kadhaa, vipimo vya gesi vichukuliwe kila mara, na mtu aingie na hewa yake mgongoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unalala chini, hapohapo mfanyakazi anapoinama kukomba tope. Akianguka, mwenzake anaruka kumtoa, na mara nyingi yule wa pili ndiye anayekufa. Kazi ya namna hii ina taratibu zake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi upo kwa ajili hiyo. Wanaopendekeza "vijana wa kusugua" wasome taratibu hizo kwanza, halafu waniambie kijana mwenye ndala na ndoo ya sabuni anaingiaje humo.

Baada ya tope kuna kutu na rangi ya zamani, ambayo yenyewe huenda ina risasi. Hizo huondolewa kwa kupiga mchanga kwa kompresa hadi chuma kiwe cheupe. Hapa Tanga kuna kishawishi cha wazi, ufuo upo dakika chache tu. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi ikibaki kwenye bamba, epoksi, ile rangi ngumu ya kinga inayopakwa juu yake, huvimba malengelenge ndani ya muda mfupi na kubanduka vipandevipande. Mchanga wa mto nao ukipasuka hutoa vumbi linaloharibu mapafu ya mpigaji, ndiyo maana wanaojua kazi hununua changarawe maalumu za chuma au mabaki ya kuyeyushia madini. Epoksi yenyewe lazima iwe ya aina iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, kwa mfano chini ya kanuni namba 61 ya NSF, shirika la viwango la Marekani, na iachwe ikauke siku zake zote. Usipokuwa makini unaondoa harufu ya dizeli na kuingiza harufu ya rangi.

Wapo wanaosema basi tuweke mfuko mkubwa wa plastiki ndani, maji yasiguse chuma. Lakini mvuke wa petroli hupenya plastiki. Mfuko unazuia kutu isichafue maji, kwa benzini haukupi kinga ya kutegemea.

Kuna na uzito, jambo ambalo sijawahi kusikia mtu wa kijiweni akiligusa. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Dizeli ni kama kilo 840, petroli 740 hivi. Tenki letu likijaa dizeli linabeba tani 3,170 hivi. Likijaa maji ni tani 3,770. Umeliongezea tani 600, sawa na shehena ya malori 20 ya tani 30. Ndiyo, siku ya kwanza lilijazwa maji likahimili, lakini siku ile bamba la chini la ukuta lilikuwa na unene wake kamili, na jaribio huruhusu chuma kibanwe kuliko kinavyoruhusiwa kubanwa kila siku kazini. Baada ya miaka 40 ya hewa ya bahari, unene ule haupo. Kuna kanuni nyingine ya taasisi ileile ya Marekani, namba 653, inayoeleza jinsi ya kupima unene uliobaki na kukokotoa kimo salama cha kujaza. Tenki la mita 12 linaweza kuambiwa liishie mita 8, na mahesabu yote ya "litawatosha watu wangapi" yakaporomoka kwa theluthi.

Hata hayo yote yakifanywa vizuri, bado sijafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo liko nje ya tenki.

Depo ya mafuta iliyofanya kazi miongo kadhaa ina udongo uliokunywa mafuta. Hapa palimwagika wakati wa kufunga mpira wa kupakilia mafuta kwenye gari, pale koki ilivuja mwaka mzima, kule tope lilichimbiwa shimo likafukiwa kama ilivyokuwa desturi. Sasa unalikarabati tenki, linang'aa, halafu unalaza bomba la plastiki la maji kutoka tenki hadi mtaani, likipita chini ya udongo huohuo. Benzini na wenzake hupenya ukuta wa bomba la plastiki bila bomba kuwa na ufa wowote. Maji yakilala usiku bombani bila kutembea, asubuhi mtu wa kwanza kufungua koki anapata sehemu yake. Kwenye mashirika ya maji ya nchi nyingine hili linajulikana, na ndiyo maana kwenye viwanja vya namna hiyo hutumia mabomba ya chuma au ya plastiki yenye tabaka la alumini. Sisi tungetumia nini? Tungetumia roli la bomba jeusi lililopo dukani.

Wamarekani wana somo lao la hivi karibuni. Pale Red Hill, Hawaii, jeshi la majini lilikuwa na matenki 20 ya mafuta yaliyochimbiwa ndani ya mlima wakati wa Vita vya Pili, kila moja likiingiza zaidi ya lita milioni 45, yakiwa mita 30 tu hivi juu ya mwamba wenye maji ya kunywa. Novemba 2021 mafuta ya ndege yalivuja yakaingia kwenye kisima. Mtandao ule wa maji ulihudumia watu wapatao 93,000. Familia zilihamishiwa hotelini, watu wakalalamika vipele, kichefuchefu na kuumwa kichwa, na Machi 2022 Wizara ya Ulinzi ikaamua matenki yafungwe kabisa. Nchi yenye maabara kila kona na fedha za kijeshi ilihangaika miezi kusafisha mabomba. Mafuta na maji ya kunywa kuwa majirani tu kulitosha kuleta balaa, sembuse kulala chumba kimoja.

Mambo mengine nayataja tu. Matenki mengi ya mafuta yako chini, karibu na bahari, kwa sababu meli ndiyo iliyoyalisha; tenki la maji la mji hutakiwa liwe juu ili maji yashuke yenyewe. Kuyapandisha maji ya tenki letu mita 30 kungekula kama yuniti 500 za umeme kila linapomalizwa. Maji yakikaa muda mrefu ndani ya chuma kinachopigwa na jua la Tanga, klorini inaisha mapema. Na paa la tenki la mafuta lina matundu ya kupumulia ambayo popo na mbu watayapenda.

Ukijumlisha gharama ya kutoa tope na kulitupa kihalali, kupiga mchanga, kung'oa sakafu, kupaka epoksi, kubadilisha mabomba, kupima maabara mwaka hadi mwaka, unafika mahali ambapo tenki jipya la zege au la mabamba ya kufunga kwa bolti, lililojengwa mlimani panapostahili, halionekani ghali tena. Rahisi ni ghali. Na Tanga si mji unaoweza kusema haukuwa na njia nyingine ya kupata fedha za maji. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji, iliuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa umma kwa miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, kwa ajili ya miundombinu ya maji, na wanunuzi walizidi kiasi kilichotakiwa. Mji ulioweza kuaminiwa na soko la mitaji kiasi hicho hauna sababu ya kuwanywesha watu wake kwenye depo iliyostaafu.

Basi matenki yakatwe yote? Hapana, na hapa naachana na wale wanaopinga kila kitu.

Maji tunayoyatibu kwa gharama, kwa dawa na umeme, mengi hayaendi mdomoni. Yanamwagwa barabarani kutuliza vumbi, yanaosha malori, yanapoza mitambo, yanasukuma vyoo vya ofisi. Na yanazima moto, au yangezima kama yangekuwepo. Kila soko linapoungua nchini, lawama hufanana: gari la zimamoto limefika, limemwaga kidogo, limeondoka kutafuta maji. Si uzembe wa askari. Gari lenye lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika linakauka kwa dakika 5. Tenki letu, hata likijazwa theluthi mbili tu, lingelisha mpira wa zimamoto kwa kasi hiyohiyo kwa zaidi ya saa 40. Eneo la bandari, maghala na depo zinazofanya kazi ndilo lenye kuhitaji akiba hiyo kuliko sehemu yoyote ya mji, na ndiko matenki ya zamani yaliko. Hasara ya kuwa chini kando ya bahari inageuka faida.

Maji ya kuyajaza yanaanguka bure. Tanga hupata mvua ya kama milimita 1,300 kwa mwaka wa kawaida, masika na vuli. Paa la ghala lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 50, ukiondoa moja ya tano inayopotea, linakinga mita za ujazo 5,200 kwa mwaka. Ghala moja linalijaza tenki letu na kubakisha. Hakuna haja ya kugusa Zigi hata kidogo.

Hata kwa kazi hizo tenki lazima litolewe tope, lipimwe unene, lithibitishwe halina mvuke wa kulipuka. Maji yenye mafuta yakimwagwa kwenye moto yanakwenda mtaroni, na mtaro wa Tanga unakwenda baharini, kwenye samaki. Mafundi wa zege nao wasikimbilie kuchota, maana mafuta kwenye maji ya kuchanganyia hupunguza nguvu ya zege. Na lisibaki koki moja ya wazi. Andika "si ya kunywa" kwa herufi kubwa upendavyo. Koki ikiwa wazi na mgao umefika wiki, watu watakinga. Mdomo wa kutolea maji uwe wa aina ambayo mpira wa zimamoto tu ndio unaoingia.

Matenki yaliyobeba mafuta ya kula peke yake yako kundi jingine, nakubali. Yakisafishwa kwa maji ya moto na magadi, yakapakwa na kupimwa, yanaweza kufika kwenye maji ya kunywa bila miujiza. Lakini niletee daftari la shehena. Neno la mlinzi wa zamani kwamba "humu mlikuwa mafuta ya kula tu" haliwezi kuwa cheti.

Daftari hilo ndilo linalonipeleka Chongoleani, hapahapa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia pale, kwenye matenki manne ya mapipa 500,000 kila moja. Tenki moja la hayo ni lita milioni 79.5, maji ya jiji zima kwa siku nne kwa hesabu yetu ya lita 50. Siku moja yatamaliza kazi, kama yote yanavyomaliza, na wajukuu zetu watakaa kijiweni wakiyatazama na kusema chuma kipo, msingi upo. Tofauti ni kwamba haya yako kwenye hatua ambayo kumbukumbu bado inaweza kutunzwa tangu mwanzo: nini kiliingia, rangi gani ilipakwa ndani, udongo ulipimwa lini ukiwa bado safi, wapi palivuja. Sampuli ya udongo wa leo ndiyo pekee itakayomwonyesha mtu wa kesho kilichobadilika.

Tunayo hata bahati ya kiutawala. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inasimamia mafuta na maji, vyote viwili. Leseni ya depo na bei ya ndoo vinapita mlango mmoja. Haitahitaji sheria ya ajabu kwa mamlaka hiyo, pamoja na NEMC (baraza la mazingira la taifa), Zimamoto na halmashauri ya jiji, kuyapitia matenki yaliyokaa bure Tanga, kupima unene wa mabamba, kuchukua udongo, na kuamua moja baada ya jingine. Yanayofaa yakabidhiwe Zimamoto na bandari. Yatakayoshindwa yakatwe, yauzwe chuma chakavu, na kiwanja kisafishwe kabla mtu hajapewa hati ya kujenga nyumba na kuchimba kisima juu yake.